Umepandisha Land Cruiser ya springi za majani na sasa inasumbua? Soma dalili kwanza kabla hujanunua spea

Wakuu, hii ni kwa wale wanaofufua Land Cruiser za zamani, hasa pikapu za 40 series kama FJ45 na HJ47, halafu 60 series ambazo ni wagoni, na zile 75 za kabla ya 1999 ambazo mbele bado zina springi za majani, sio koili. Mtu anamaliza injini, anamaliza rangi, anaagiza springi za kupandisha inchi 2 au zaidi, anafunga, gari inasimama vizuri kabisa kila mtu anaisifia, halafu siku ya kwanza barabarani inatangatanga, au inatetemeka ikifika 70, au inagonga kila tuta, na hapo ndo manunuzi yanaanza, leo shokapu ya stelingi, kesho shokapu za nyuma, keshokutwa matairi, hela inaisha na tatizo liko palepale.

Kitu cha kushika ni kwamba ukipandisha gari hujabadilisha urefu peke yake. Umebadilisha pembe ya kila kinachounganisha ekseli na chesisi, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), kasta (nitaieleza chini), linki ya stelingi, shakeli (kiungo kinachocheza kwenye ncha moja ya springi, ncha nyingine inashikwa na pini isiyosogea), hozi za breki, vyote. Na pia springi za zamani zilizolala zilikuwa zinaficha vitu vilivyochoka, ukiweka springi mpya zenye nguvu ndo vinajitokeza. Kwahiyo karibu kila lalamiko ni moja kati ya hayo mawili, pembe imehama au kitu kilikuwa kimeisha tayari, na yote mawili yanapimwa kwa futi na kipima pembe (hata programu ya kwenye simu inatosha kuanzia), hayakisiwi.

Uzito kwanza

Hili naliweka mbele ya dalili zote kwa sababu kwenye gari inayofufuliwa ndo linalopotosha watu kuliko jingine lolote. Springi zinafungwa chesisi ikiwa tupu, hamna bodi, hamna injini, tenki halina mafuta, kichanja cha nyuma bado kiko kwa fundi wa kuchomelea. Gari inakaa juu mno, shakeli zimelala upande wa ajabu, mtu anashtuka anaanza kutoa majani au anarudisha springi dukani. Acha kabisa. Springi imetengenezwa kwa uzito fulani na haiwezi kukuambia ukweli mpaka uzito huo uwepo. Funga springi kwenye chesisi tupu ukitaka, hamna shida, ila bolti za kwenye bushi usizikaze za mwisho, ziache zimeshika tu. Weka injini, giaboksi, bodi, kichanja, mafuta, winchi kama utaweka, tairi zikiwa chini kwenye sakafu iliyonyooka, sukuma gari mbele na nyuma, irukishe kidogo itulie, ndo ukaze.

Ukikaza bushi za raba gari ikiwa imening'inia, raba inabanwa kwenye mkao huo, na gari ikishuka raba inabaki imejinyonga muda wote. Matokeo yake gari inakuwa ngumu, inakaa juu kuliko inavyotakiwa, na bushi zinakatika mapema sana. Watu wanalaumu springi kumbe ni mpangilio wa kukaza. Dawa haina gharama, legeza bolti zote za shakeli na za pini, tairi zikiwa chini, rukisha gari, kaza upya.

Halafu andika vipimo. Pima toka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, kabla ya kutoa springi za zamani na baada ya kuweka mpya. Ukipima toka chini tairi na upepo vitakudanganya, ukipima toka habu tairi haihusiki.

Gari inatangatanga, usukani haurudi wenyewe

Hii ndo dalili namba moja ya Land Cruiser iliyopandishwa. Barabara imenyooka lakini unashona usukani kushoto kulia muda wote, ukikata kona na kuachia usukani haurudi katikati, upepo wa lori likikupita unakutupa.

Anza na vya bure. Upepo wa tairi uko sawa pande zote? Tairi mpya ni pana au zina meno makubwa? Hizo zenyewe zinaongeza kutangatanga. Sehemu za usukani zimelegea? Mwambie mtu acheze usukani kushoto na kulia kidogo kidogo gari ikiwa chini, wewe uko chini unaangalia kila kiungo, pale utakapoona upande mmoja unasogea na wa pili haujasogea, hicho kimeisha.

Kama vyote viko sawa basi nenda kwenye kasta. Kasta ni ile pembe ya mhimili ambao tairi linageukia, juu yake ikiinamia nyuma kama uma wa baiskeli ulivyoinama ndo usukani unajirudisha wenyewe. Toyota 40 na 60 toka kiwandani zina kasta ndogo sana, digrii 1 hivi, na ilitosha kwa tairi nyembamba za wakati ule. Ukipandisha unaipoteza hata hiyo kidogo, hasa ukiwa umeweka shakeli ndefu. Sababu ni kwamba kwenye 40 na 60 shakeli ya springi za mbele iko upande wa bampa na pini isiyosogea iko nyuma. Ukirefusha shakeli, ncha ya mbele ya springi inashuka, ekseli nzima inazunguka kuelekea mbele, sehemu ya juu ya nako (kile kiungo cha mwisho wa ekseli ambacho tairi linageukia) inainamia mbele, kasta inakuwa sifuri au inaenda hasi. Na faida yake ni ndogo, shakeli ukiirefusha milimita 50 unapata kama 25 tu za kimo. Mimi kwa maoni yangu shakeli ndefu mbele kwenye hizi gari ni biashara mbaya, unalipa kwa usukani kupata inchi moja.

Ukienda kwenye alaimenti ukaambiwa "tayari imekaa sawa" na gari bado inatangatanga usishangae. Kwenye ekseli moja nzima ya mbele kama hii hamna sehemu ya kurekebisha kasta, fundi wa alaimenti anaweza kubadilisha tou tu (jinsi tairi mbili za mbele zinavyoelekeana) kwa kuzungusha tairodi, fimbo inayounganisha tairi hizo. Ila mwambie akusomee kasta, mashine inaiona. Kama huna mashine karibu, weka kipima pembe kwenye sehemu bapa juu ya nako, tairi zikiwa zimenyooka mbele na gari iko kwenye sakafu tambarare, utapata picha ya kutosha.

Dawa yake ni kabari za chuma kati ya springi na kitako cha ekseli (pale springi inapofungwa kwenye ekseli). Hapa ndo watu wengi wanaweka kinyume, kwahiyo soma taratibu. Kwenye 40 na 60 springi iko CHINI ya ekseli. Kabari inakaa juu ya springi na chini ya kitako. Ukitaka kuongeza kasta, upande mnene wa kabari unaelekea mbele, unainua mbele ya kitako na juu ya nako inaenda nyuma. Kama gari yako springi iko juu ya ekseli, iwe ilitoka hivyo au mtu aliihamisha, kila kitu kinageuka, mnene unaenda nyuma. Kwahiyo ushauri wa mtu wa Hilux usiuchukue hivihivi, lala chini uangalie ya kwako kwanza.

Chukua kabari za chuma, za alumini zinapondeka zikipigwa na barabara mbovu na yu-bolti (zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zinalegea. Senta bolti, ile inayoshika majani ya springi pamoja, lazima iwe ndefu zaidi ili kichwa chake kiingie kwenye tundu la kitako sawasawa, kikibaki kimeshika kidogo tu kuna siku ekseli itahama. Kufika digrii 3 mpaka 4 hivi za kasta kwa tairi kubwa gari inakuwa imetulia vizuri. Ila usipitilize, kwa sababu kila digrii unayoongeza kwenye kasta inashusha flenji ya difu ya mbele na propela ya mbele inazidi kupinda, tutaifikia hapo chini. Kama unahitaji kasta nyingi sana njia ya kweli ni kukata nako kwenye mirija ya ekseli, kuzizungusha na kuchomelea upya, na hiyo sio kazi ya kila fundi wa welding, inahitaji jigi na mtu anayejua anachofanya kwa sababu maisha ya watu yako pale.

Usukani unatetemeka kwa nguvu ukipiga shimo

Hii ni tofauti na kutangatanga. Unaenda vizuri, unapiga shimo au kiungio cha daraja, tairi za mbele zinaanza kucheza kushoto kulia kwa nguvu na haziachi mpaka upunguze mwendo kabisa. Inatisha na ni hatari kweli, usiiendeshe hivyo.

Watu wanakimbilia shokapu ya stelingi. Inapunguza, ndio, kwa wiki chache, huku kilicholegea kinaendelea kuisha. Kwenye Land Cruiser ya umri huu mshukiwa wa kwanza ni beringi za nako, juu na chini. Piga jeki tairi liwe hewani, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitingishe huku mtu amekanyaga breki. Kukanyaga breki kunaondoa mchezo wa beringi za habu, kwahiyo mchezo unaobaki ni wa nako. Ukiachia breki mchezo ukaongezeka basi na za habu zinahitaji kukazwa.

Beringi za nako zinatakiwa ziwe zimebanwa kidogo kwa kutumia shimu (vipande vyembamba vya chuma), na mwongozo wa Toyota unataka upime nguvu ya kuzungusha nako kwa mizani ya springi, ile ya kuning'iniza kama ya wauza samaki, unafunga kwenye ncha ya mkono wa nako na kuvuta, sili na tairodi zikiwa zimetolewa. Gari iliyofufuliwa ikapakwa rangi nzuri bila kufungua nako, karibu kila mara utakuta mle ndani grisi imechanganyika na oili ya difu imekuwa uji mweusi na beringi zimechora mistari. Kama unafufua gari fungua nako kabla ya kupandisha, maana utakuwa umeshafungua nusu ya kazi hata hivyo.

Baada ya nako angalia tairodi endi, bushi za springi, yu-bolti, balansi ya tairi, na boksi ya stelingi pale inapofungwa kwenye chesisi. Hapo kwenye chesisi futa vumbi kabisa uangalie nyufa, tairi kubwa na barabara za vumbi zenye mawimbi zinapasua chuma pale, na ufa ukiwa na rangi mpya juu yake huuoni mpaka uusugue.

Mtetemo unaokuja na mwendo

Kama usukani umetulia lakini sakafu, kiti na lever ya gia zinatetemeka, hiyo ni propela mpaka uthibitishe vinginevyo. Jaribio la kwanza ni rahisi. Gari nyingi hizi zina habu za mbele za kufunga na kufungua kwa mkono. Fungua habu zote mbili, weka 2H (tairi za nyuma tu zinavuta), propela ya mbele inakuwa imesimama kabisa. Mtetemo ukiisha, tatizo ni propela ya mbele. Ukibaki vilevile, ni ya nyuma au tairi.

Ya nyuma sasa. Propela yenye krosi (kiungo cha kupinda) moja kila upande inataka shafti ya kutoka transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na shafti ya kuingia kwenye difu ziwe sambamba. Weka kipima pembe kwenye flenji ya transfa, soma, weka kwenye flenji ya difu, soma, tofauti isizidi digrii moja au mbili. Ekseli ya springi za majani ukikanyaga mafuta pua ya difu inainuka kidogo, kwahiyo ni vizuri ikikaa chini kwa digrii moja hivi ukiwa umesimama. Ukirefusha shakeli za nyuma pua ya difu inainuka na usambamba unavunjika, na hapo kabari inaenda mnene nyuma kama springi iko chini ya ekseli. Springi zenye upinde mzuri peke yake mara nyingi haziharibu sana pembe hii, ndo maana nasema bora springi sahihi kuliko shakeli ndefu.

Kuna kosa moja la kufunga ambalo linafanana kabisa na tatizo la pembe. Propela ina kipande kinachoingia kwenye kingine kwa meno. Ikitenganishwa kwa ajili ya kubadilisha krosi au kupaka rangi ikarudishwa jino moja au mawili pembeni, masikio ya krosi za pande mbili hayakai kwenye mstari mmoja tena, na propela itatetemeka hata pembe zikiwa sahihi kabisa. Nyingi zina mishale ya kulinganisha, lakini mtu akishapiga mashine ya mchanga na rangi mishale inapotea. Angalia kwa macho tu, masikio ya juu na ya chini yawe yanaelekeana. Kabla ya kuitoa piga alama kwa patasi, alama ya chaki haifiki jioni.

Angalia na urefu. Gari ikipanda ekseli inakuwa mbali na transfa, propela inavutika, meno yanayoshikana yanapungua. Ekseli ikining'inia mpaka mwisho angalia imebaki imeingia kiasi gani, ikiwa imeshika kwa kidogo tu weka speisa ya flenji au peleka propela irefushwe na ibalansiwe.

Ya mbele ukiwa umeweka kabari za kasta utasikia mtetemo tu ukiwa umefunga habu. Kama unatumia 4x4 kwenye matope kwa mwendo mdogo tu unaweza kuishi nayo, fungua habu ukifika lami. Lakini hakikisha krosi haifiki mwisho wa kupinda, piga jeki chesisi, stendi pande zote, ekseli ining'inie, habu zimefunguliwa, zungusha propela kwa mkono taratibu. Ikikwama sehemu au kuna alama za chuma kugusa chuma kwenye masikio, punguza kabari.

Ngumu mno, inarusha abiria

Ukiwa umeshakaza bushi kwa utaratibu wa juu na bado ngumu, angalia vitu viwili. Kwanza umechagua springi za uzito gani. Pikapu ya kubeba watalii wenye kambi nzima kule mbugani inahitaji springi nzito, pikapu ya kwenda nayo kazini na mtu mmoja ndani haizihitaji, na hakuna shokapu duniani itakayolainisha springi za tani moja zilizobeba hewa. Wanaouza watakuuliza unabeba nini muda wote, jibu ukweli, sio unachotamani kubeba siku moja.

Pili mkao wa shakeli. Springi ikibanwa inanyooka na kurefuka, kwahiyo shakeli lazima iwe na nafasi ya kusukumwa mbali na ekseli. Ikiwa tayari imelala nje mpaka inakaribia chesisi, hakuna pa kwenda, ndo unasikia gari inagonga. Na springi yenye upinde mkubwa inakuwa fupi toka jicho mpaka jicho, shakeli inalala kuelekea kwenye ekseli, na ikilala sana kuna siku gurudumu litaning'inia kwenye mtaro shakeli itageuka upande wa pili na kukwama kwenye chesisi. Gari inabaki imeinama na haishuki. Hapo springi hizo haziendani na gari yako, au hanga (kishikio cha springi kwenye chesisi) imechomelewa sehemu tofauti na ya kiwandani, pima umbali wa hanga upande wa pili ulinganishe.

Kuhusu kuchoma majani kwenye moto na kuyapiga nyundo yapande, naomba sana usifanye. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa, ukikipasha mpaka kiwe chekundu na kukiacha kipoe ovyo ugumu unaondoka au kinakuwa cha kukatika, kitapanda leo na kitalala baada ya muda mfupi, au kitavunjika ukiwa mbali. Fundi wa springi mwenye mashine anaweza kurudisha upinde bila moto, huyo ni sawa. Na zile tofali za chuma za kuinulia nyuma ya Hilux usizilete huku, kwenye 40 na 60 springi ziko chini ya ekseli, ukiweka tofali kati yake gari inashuka badala ya kupanda.

Inagonga, inalia, inapiga kelele

Mlio mmoja mzito wa kugonga ukianza kuondoka au ukifunga breki mara nyingi ni yu-bolti zimelegea au senta bolti imekatika. Angalia kitako cha ekseli, ukiona sehemu imeng'aa chuma au kutu nyekundu ya unga kama imesagwa, kuna kitu kinatembea pale. Yu-bolti za zamani hazirudishwi, zinavutika zikikazwa, weka mpya kila mara, kaza kwa kupishanisha pembe kwa awamu mpaka kipimo cha mwongozo wa gari yako, na baada ya kama kilomita 500 rudia kukaza.

Mlio wa "ta" mkali gari inapotoka kwenye tuta, tairi zikining'inia, ni shokapu fupi, imefika mwisho na inavuta. Ikigonga wakati wa kushuka shimoni ni ndefu mno au raba ya kuzuia haifiki kwanza. Pima shokapu ekseli ikining'inia kabisa na ikiwa imebanwa mpaka kwenye raba, shokapu lazima ibaki na akiba pande zote mbili.

Kukoroma na kulia kwa mlango mkavu ni bushi za poli (poliyurethani, sio raba) zisizo na grisi, tumia ile iliyokuja na bushi. Bushi za raba usizipake grisi ya kawaida ya gari, mafuta yanaila raba.

Breki zimebadilika

Usipite haraka hapa. Hozi ya breki ya katikati na za mbele, ekseli ikining'inia na usukani ukiwa umekatwa mwisho kulia na mwisho kushoto, hakuna hata moja inayotakiwa kuvutika. Kama zimenyooka kama kamba weka ndefu, hapa hakuna njia ya mkato. Wakati wa kazi nzima ekseli isiwahi kuning'inia kwa hozi, hozi inaweza kukatika ndani huku nje inaonekana nzima, na baadaye gurudumu moja linabaki limeshika breki.

60 na 75 nyingi zina valvu nyuma yenye fimbo inayoshikana na ekseli, kazi yake ni kupunguza nguvu ya breki za nyuma gari ikiwa tupu. Ukipandisha gari, fimbo inavutika chini na valvu inaamini gari ni tupu muda wote, hata ukiwa umejaza mzigo. Dalili yake ni kwamba breki za mbele zinafanya kazi zote, pua inainama sana, umbali wa kusimama unaongezeka. Rekebisha kwa kuhamisha kishikio cha fimbo kwa kiasi kilekile ulichopandisha ili fimbo irudi kwenye mkao wake wa zamani. Kuifunga kwa waya au kuitoa kabisa kunafanya tairi za nyuma zifunge kwenye mvua, usifanye.

Ukiwa hapo chini angalia na hozi za kupumulia za difu, zikichomoka maji yataingia mtoni, zikibanwa oili itatokea kwenye sili.

Imeinama upande mmoja

Kwanza soma lebo. Springi nyingi zinatengenezwa kwa upande maalumu, upande wa dereva una nguvu zaidi, na seti ya springi iliyoagizwa Marekani imepangwa kwa usukani wa kushoto. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda usukani uko kulia, ukifunga kama lebo inavyosema "kushoto, kulia" umeweka nguvu upande wa abiria. Kama bado, badilishana springi za kushoto na kulia. Mwinamo ukihama na springi ni springi. Ukibaki palepale, ni chesisi, hanga, au uzito, tenki, betri mbili, winchi.

Kujua ni mbele au nyuma, weka vizuizi kwenye tairi za mbele, piga jeki katikati chini ya difu ya nyuma mpaka tairi za nyuma ziinuke kidogo, usiingie chini. Pima mbele kushoto na kulia. Mbele ikikaa sawa, kosa liko kwenye springi za nyuma. Ikibaki imeinama, kosa ni la mbele.

Kama tairi haiko katikati ya madigadi, iko mbele au nyuma sana, springi imegeuzwa. Springi nyingi senta bolti yake haiko katikati kabisa, kuna upande mrefu na mfupi. Na kama jani la pili limezungushwa kulinda jicho upande mmoja, upande huo kawaida unakaa kwenye pini isiyosogea, sio kwenye shakeli.

Usukani umekaa pembeni ukienda moja kwa moja ni kwa sababu linki inayotoka boksi ya stelingi imebadilika pembe, irefushe au ifupishe kwa kuizungusha, usichomoe usukani na kuurudisha upya, maana boksi itakuwa haiko katikati yake na utakata kona upande mmoja zaidi ya mwingine.

Chesisi za magari ya pwani, Tanga, Mombasa, Zanzibar, ziangalie kwa nyundo kwenye hanga za springi kabla ya yote, kutu ya chumvi inakula toka ndani. Gonga, ikilia bubu na nyundo inaacha shimo, hanga inakatwa na kuwekwa chuma kipya kwanza, springi zinasubiri.

Baada ya wiki chache springi mpya zitashuka kidogo, hiyo ni kawaida, pima tena habu mpaka madigadi na ulinganishe na karatasi yako. Rekebisha taa za mbele siku ya kwanza na tena wakati huo, maana pua ikiinuka unapofusha wanaokuja mbele yako. Ikishuka sawa pande zote achana nayo. Ikishuka upande mmoja tu, tazama kama jani limepasuka karibu na senta bolti, na kama yote ni mazima rudi kwenye jaribio la kubadilishana springi.